SUMBAWANGA: MJI AMBAO JINA LAKE NI AMRI

Na Mwandishi Wetu

Ukimwambia mtu wa Dar es Salaam au wa Mwanza kwamba unakwenda Sumbawanga, kwanza atacheka. Kisha atakuuliza kama umekwisha kuwaaga wazee wako. Nilipopanda basi mjini Mbeya, asubuhi moja ya mwezi wa Julai, utingo aliitazama tiketi yangu, akanitazama na mimi toka utosini hadi viatuni, akasema, "Karibu, ndugu. Lakini huko uendako usigombane na bibi kizee yeyote." Basi zima likacheka. Waliocheka kwa sauti kubwa zaidi walikuwa Wafipa wenyewe, ambao utani huo wameusikia tangu utotoni na hawaoni tena sababu ya kuukasirikia.

Utani ni utani. Walakini ndani ya utani huo limo swali zito la sheria. Mtu akituhumiwa kutenda jambo lisiloonekana kwa macho, ni nani amhukumu? Kwa ushahidi gani? Na adhabu yake iwe nini? Swali hilo limewasumbua watu wa Ufipa kwa muda mrefu. Liliwasumbua pia Waingereza katika vijiji vyao wenyewe, miaka mia nne iliyopita, na baadaye wakaja kutuletea majibu yao yakiwa yameandikwa katika sheria. Kwa hiyo, ndugu msomaji, safari hii ya Sumbawanga itatulazimu kupita Uingereza kidogo kabla ya kurudi nyumbani.

JUU YA UWANDA

Kutoka Tunduma, mpakani na Zambia, hadi Sumbawanga ni kilomita 223. Zamani safari hiyo wakati wa masika iliweza kumchukua mtu siku mbili au tatu, lori likiwa limezama katika tope na abiria wakikata matawi ya kuweka chini ya magurudumu. Siku hizi barabara ni ya lami, na msafiri anaweza kukaa dirishani akaitazama nchi kwa raha. Baada ya Laela nchi inafunguka. Miti inapungua, nyasi zinatawala, na upepo unapiga bila kizuizi. Huu ndio uwanda wa Ufipa, ulioinuka kati ya maziwa mawili: Tanganyika upande wa magharibi na Rukwa upande wa mashariki. Mji wenyewe uko yapata meta 1,700 hadi 1,800 juu ya usawa wa bahari, na milima ya Mbizi iliyo jirani yake hupanda zaidi ya meta 2,000. Mwezi wa Julai mtu wa pwani atatembea hapa mikono ikiwa mfukoni hadi saa nne ya asubuhi.

Rukwa ulipata kuwa mkoa mwaka 1974, ulipomegwa kutoka mikoa ya Mbeya na Tabora. Mwaka 2012 sehemu yake ya kaskazini nayo ikamegwa na kuwa Mkoa wa Katavi. Pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma, Rukwa umehesabiwa kwa miaka mingi miongoni mwa mikoa inayoilisha nchi mahindi. Sokoni nilikuta magunia ya mahindi, maharage na ulezi yamepangwa hadi juu ya paa za vibanda. Ukulima huo si wa jana. Tangu zamani Wafipa hukusanya nyasi na udongo wakafanya matuta makubwa ya duara yaitwayo ntumba. Nyasi huoza ndani yake, na msimu unaofuata udongo ule wenye rutuba husambazwa shambani. Wageni wengi waliofika hapa hawakujua kwamba walikuwa wakitazama mbolea.

Jina la mji ndilo lililonileta. Katika Kifipa, Sumbawanga hufasiriwa kuwa "tupa uchawi". Kwa msemaji wa Kiswahili neno la pili si geni, kwani nasi tunasema mtu anawanga. Wenyeji husimulia kwamba mgeni aliyefika hapa aliambiwa aache nje dawa zake mbaya kabla ya kupokewa. Basi wale wanaoutaja mji huu kama makao ya wachawi wamelisoma jina kinyumenyume. Jina hilo ni amri, na amri yenyewe ni ya kuacha.

WAFALME WA KALE NA HUKUMU ZAO

Kusini-mashariki au kaskazini, ukitembea na mzee wa Ufipa, hatakosa kukutajia Milansi. Hiyo ndiyo himaya ya kale kabisa katika masimulizi ya Wafipa. Inasimuliwa kwamba mtawala wa Milansi alikuwa ametoka kwenda kuwinda, na aliporudi alikuta wanawake wageni wa ukoo wa Watwa wamekwisha kukikalia kiti chake. Hapakupiganwa vita. Pakafanyika mapatano: wageni wakachukua utawala wa nchi, naye mtawala wa Milansi akabaki na eneo lake dogo na heshima ya kumsimika kila mfalme mpya. Kutokana na Watwa hao zilitokea baadaye dola mbili, Nkansi na Lyangalile.

Ni masimulizi, lakini yanatuonyesha jambo ambalo watu wa nchi hii walipenda kulikumbuka: kwamba ugomvi mkubwa kuliko wote ulimalizwa kwa maneno. Msomi wa Kiingereza, Roy Willis, aliyeishi Ufipa katika miaka ya mwanzo ya Uhuru na kuandika kitabu juu ya dola hizo mwaka 1981, alivutiwa sana na jinsi vijiji vya Wafipa vilivyochukia ugomvi wa mikono na matusi. Ameeleza kwamba kila kijiji kilikuwa na mkuu wake, na kwamba alikuwapo pia mwanamke mwenye madaraka ya kuhukumu makosa ya utovu wa adabu. Mkosaji alitozwa faini. Kumtoa mtu kitu chake kulionekana kunatosha kumrudisha katika njia.

Hatusemi kwamba Ufipa ya kale ilikuwa pepo. Wangoni wa Zwangendaba walipita hapa na kukaa, naye Zwangendaba mwenyewe akafia Ufipa katika miaka ya 1840. Biashara ya watumwa na pembe ilipita pia. Kisha wakaja Wajerumani, wakajenga boma lao kando ya Ziwa Tanganyika, mahali panapoitwa Kasanga, wakapaita Bismarckburg kwa jina la waziri wao mkuu wa zamani. Magofu ya boma hilo yangalipo. Wajerumani walileta kodi ya kichwa na nyumba, na pamoja nayo kiboko. Hukumu yao iliyojulikana kuliko zote, katika Ufipa kama katika Tanganyika nzima, iliitwa kwa Kiarabu cha askari wao: hamsa ishirini, yaani viboko 25. Mwaka 1916 Waingereza waliiteka Bismarckburg, na baada ya vita utawala wa nchi ukawa wao.

PEMBE YA UGORO

Katika kijiji kimoja kisicho mbali na mji nilipelekwa kwa mzee ambaye kwa miaka mingi alikuwa mshauri wa Mahakama ya Mwanzo, yaani mmoja wa wale wazee wa baraza walioketi na hakimu kusikiliza mashauri. Nilimkuta akiota jua mbele ya nyumba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuuliza uchawi?"

Nilishikwa na haya. Akacheka, akaniambia niketi, kwa kuwa kila mwandishi anayefika kwake huanza na mahindi na kuishia huko huko. Kisha akanisimulia habari ambayo, alisema, ndiyo iliyomfundisha kazi yake kabla hajaipata.

Mwaka 1964 alikuwa mtoto wa miaka minane. Walifika kijijini vijana wasiojulikana, wamevaa vizuri, wakasema wamekuja kuisafisha nchi. Watu waliwaita Kamchape. Kila mtu aliamriwa kuhudhuria, mkubwa kwa mdogo, na asiyehudhuria alikuwa amejitangaza mwenyewe. Vijana wale walisema wanawatambua wachawi kwa kuwatazama. Waliotambuliwa walitakiwa kutoa pembe zao za dawa, wachanjwe chale, walipe, na tangu hapo wahesabiwe kuwa wamesafika.

"Wakamwonyesha bibi yangu kidole," alisema mzee. "Bibi alikuwa na pembe moja tu, ya mbuzi, na ndani yake mlikuwa na ugoro. Kijiji kizima kilikuwa kikivuta ugoro ule. Wakamwambia aitoe. Akaitoa. Ikatupwa pamoja na nyingine, ikachomwa. Akalipa. Wakaondoka kwenda kijiji cha pili."

Nikamwuliza kama bibi yake alipigwa. Akatikisa kichwa. "Hakupigwa. Lakini hakuna tena mtu aliyemwomba ugoro. Aliishi miaka kumi na mmoja baada ya hapo."

Harakati za Kamchape zilizoenea Ufipa mwaka 1963 na 1964 zimeandikwa na Willis, ambaye alizishuhudia. Hazikuwa za kwanza. Katika miaka ya 1930 vijana wa namna hiyo, walioitwa Mchapi, walienea kutoka Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, wakapita Rhodesia ya Kaskazini hadi huku, wakiwapanga watu mstari na kuwatazama katika kioo. Jina hilo linahusiana na neno la Kinyanja la kufua nguo. Willis aliona kwamba katika mambo hayo walioshtaki kwa kawaida walikuwa vijana, na walioshtakiwa walikuwa wazee.

Wakati wenyewe pia unastahili kuangaliwa. Mwaka 1963 Serikali ilifuta utawala wa machifu, na Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka huo ikaleta Mahakama za Mwanzo badala ya mabaraza ya wenyeji ya kikoloni. Yule aliyekuwa akisuluhisha ugomvi wa kijiji ameondoka, na hakimu mpya bado hajazoeleka, pengine bado hajafika. Katika mwanya huo ndimo walimoingia vijana wale.

MTAFUTA WACHAWI WA UINGEREZA

Sasa tuvuke bahari, kwa maana vijana wale wa 1964 walikuwa na mwenzao wa kale mahali ambapo wengi hawangemtazamia.

Katika Uingereza ya karne za 16 na 17 hapakuwa na polisi kama tunavyowajua. Polisi wa London waliundwa mwaka 1829 tu. Kijiji kilijilinda chenyewe. Mwanakijiji mmoja aliteuliwa kuwa konstebo kwa muda, mara nyingi bila mshahara, na mtu akiibiwa alipiga yowe, na kila aliyesikia alilazimika kisheria kumfukuza mwizi. Msomaji anayekumbuka jinsi sungusungu walivyoanza Kahama mnamo mwaka 1982 hatashangaa sana. Adhabu nazo zilitolewa hadharani. Mkosaji mdogo alifungwa miguu katika mkatale kiwanjani, mwingine akabanwa shingo na mikono katika mbao siku ya soko ili watu wamzomee, mwingine akachapwa mijeledi akiwa amefungwa nyuma ya mkokoteni. Mwizi wa mali kubwa alinyongwa.

Uchawi uliwekewa sheria ya kifo mwaka 1542, wakati wa Mfalme Henry wa 8. Sheria hiyo ilifutwa, ikaja nyingine mwaka 1563 wakati wa Malkia Elizabeth wa 1, na nyingine kali zaidi mwaka 1604 wakati wa Mfalme James wa 1. Wachawi wa Uingereza hawakuchomwa moto kama wengi wanavyodhani, walinyongwa. Wanahistoria hukadiria kwamba walionyongwa kwa sheria hizo ni kama watu 500, na wengi wao walikuwa wanawake. Mwaka 1612, katika shauri la watu wa Pendle mkoani Lancashire, mmoja wa mashahidi wakubwa alikuwa mtoto wa kike wa miaka tisa hivi, Jennet Device. Alitoa ushahidi dhidi ya mama yake, na mama akanyongwa pamoja na wengine tisa.

Kisha, vita ya wenyewe kwa wenyewe ilipoivuruga nchi na mahakama zake, alitokea kijana aitwaye Matthew Hopkins. Kati ya mwaka 1645 na 1647 alizunguka mikoa ya mashariki akijiita Mtafuta Wachawi Mkuu. Miji ilimlipa. Kazi yake ilikuwa kuwakesha watuhumiwa usiku kucha, siku baada ya siku, bila usingizi, na kuwakagua miili kutafuta alama, hadi wakakiri. Mtu asiyelala siku tatu atakiri lolote. Watu zaidi ya mia walinyongwa kutokana na kazi hiyo.

Wanahistoria walipochunguza kumbukumbu za mashauri hayo waliona mfano mmoja ukijirudia. Bibi maskini anakwenda kwa jirani kuomba maziwa, au hamira, au sarafu. Jirani anamnyima. Bibi anaondoka akinung'unika. Baadaye ng'ombe wa jirani anakufa, au mtoto anaugua, na jirani anakumbuka manung'uniko yale. Alan Macfarlane, aliyechunguza mashauri ya mkoa wa Essex na kuandika kitabu chake mwaka 1970, alipata mwanga kutoka kwa wataalamu waliokuwa wamefanya utafiti vijijini mwa Afrika. Yaani Mwingereza aliwaelewa babu zake mwenyewe baada ya kusoma habari zetu.

Mwaka 1735 Bunge la Uingereza lilibadili mambo. Sheria mpya ilifuta zile za zamani na kusema kwamba tangu sasa hakuna mtu atakayeshtakiwa kwa uchawi. Atakayeshtakiwa ni yule anayejifanya kuwa na uwezo huo, na adhabu yake ni kifungo cha mwaka mmoja na kusimamishwa katika mbao za aibu siku za soko.

Je, watu walibadilika siku ile? Hata kidogo. Mwezi wa Aprili 1751, miaka 16 baada ya sheria, bibi mmoja wa makamo ya miaka 70, Ruth Osborne, alikamatwa na umati karibu na mji wa Tring, mkoani Hertfordshire. Ilidaiwa kwamba zamani aliomba maziwa ya mtindi kwa mkulima mmoja, akanyimwa, na ndama wa mkulima wakaugua. Wapiga mbiu walikuwa wametangaza katika masoko ya miji ya jirani kwamba siku fulani wachawi watatumbukizwa majini, na watu wakaja kama wanaokwenda ngomani. Bibi alifungwa, akatumbukizwa bwawani mara kadhaa, akafa. Kiongozi wa umati, Thomas Colley, alishtakiwa kwa mauaji na kunyongwa mwezi wa Agosti mwaka ule ule. Wako walionung'unika kwamba si haki kumnyonga mwanamume kwa ajili ya kizee mchawi.

SHERIA YAVUKA BAHARI

Waingereza hao hao walipoitawala Tanganyika walitunga Sheria ya Uchawi mwaka 1922, na nyingine ya kuibadili mwaka 1928. Baada ya Uhuru tuliirithi, na ingali katika vitabu vyetu kama Sura ya 18. Anayeisoma huona kwamba haifanani sawasawa na ile ya 1735. Inamwadhibu anayejidai kuwa na uwezo wa uchawi, lakini pia inamwadhibu anayetumia au kumiliki vifaa vya uchawi, na anayemtisha mwenzake kwa uchawi. Ilimpa hata Mkuu wa Wilaya uwezo wa kumwamuru anayetia watu hofu ahame na kukaa mahali atakapopangiwa. Kwa hiyo ni sheria iliyokaa katikati. Haikuthubutu kuwaambia wananchi kwamba uchawi haupo, wala haikukubali waziwazi kwamba upo.

Jambo moja, hata hivyo, ililiweka bayana. Kumtangaza jirani kuwa mchawi mbele ya watu si haki ya mtu yeyote. Mwenye malalamiko ayapeleke kwa wenye mamlaka. Kamchape wa 1964 walikuwa wakivunja sheria, ijapokuwa vijiji viliwapokea kwa vigelegele.

Kuna funzo jingine, nalo ni chungu zaidi, kwa sababu liliwahusu walinzi wa sheria wenyewe. Katika miaka ya 1970 mauaji ya wazee waliodhaniwa kuwa wachawi yalizidi katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Mwaka 1976 Serikali iliendesha operesheni ya kuwasaka wauaji. Nia ilikuwa njema, na waliouawa walistahili kutetewa. Lakini baadhi ya waliokamatwa waliteswa mikononi mwa vyombo vya usalama ili wakiri, na wapo waliokufa. Mwezi wa Januari 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu kwa kuwajibika, ingawa hakuyatenda yeye, na Waziri wa Nchi, Peter Siyovelwa, akajiuzulu pia. Maofisa kadhaa walifikishwa mahakamani na kuhukumiwa. Mwaka 1985 Mwinyi alichaguliwa kuwa Rais, na alipofariki mwaka 2024 wengi walimkumbuka kwa kujiuzulu kule kuliko kwa mambo mengi aliyoyafanya Ikulu.

Tazama jinsi njia zinavyokutana. Matthew Hopkins alimkesha bibi hadi akakiri kuwa mchawi. Mpelelezi wa 1976 alimtesa kijana hadi akakiri kuwa muuaji wa mchawi. Mmoja alikuwa akitafuta jambo lisilokuwapo, wa pili jambo lililokuwapo kweli, lakini wote wawili walikuwa na ushahidi wa aina moja, nao haukuwa ushahidi.

Wala mambo haya hayajatuacha. Rukwa imewahi kuguswa na ukatili dhidi ya ndugu zetu wenye ualbino. Mwaka 2013 palitokea mashambulizi katika vijiji vya mkoa huu, mtoto wa shule akakatwa mkono. Januari 2015 Serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli. Hata hivyo, katika miaka ya hivi karibuni majina ya zamani, Kamchape na lambalamba, yamesikika tena katika mikoa ya magharibi, na vijana wamepita tena vijijini wakiahidi kusafisha.

ULIMWONA KWA MACHO?

Siku ya mwisho nilirudi kwa mzee kumuaga. Nilimkuta na mgeni, mwanamume wa makamo aliyekuja kutaka shauri. Ng'ombe wake wawili walikuwa wamekufa katika mwezi mmoja, na alikuwa anajua, alisema, ni nani aliyewaua. Jina alilolitaja lilikuwa la bibi mjane anayekaa jirani naye, mwenye macho mekundu.

Mzee alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Kisha akamwuliza maswali. Ng'ombe waliumwa siku ngapi? Walikohoa? Walitokwa na povu? Bwana mifugo aliitwa? Hakuitwa. Mlipokosana na bibi huyo ilikuwa juu ya nini? Yule bwana alisita, akajibu kwamba ilikuwa juu ya mpaka wa shamba.

"Ulimwona kwa macho yako akifanya kitu?"

"Sikumwona, mzee."

"Macho yake unayajua kwa nini ni mekundu?"

Yule bwana hakujibu. Mzee akamwambia kwamba bibi huyo amepika kwa kuni katika jiko lisilo na dirisha kwa miaka 50, na kwamba mama wa yule bwana mwenyewe alikuwa na macho ya namna hiyo hiyo. Akamshauri mambo mawili: amwite bwana mifugo kabla ng'ombe wa tatu hajafa, na shauri la mpaka alipeleke kwa uongozi wa kijiji. Akamwonya pia kwamba akilitaja tena jina la bibi yule hadharani, yeye mzee atakuwa wa kwanza kwenda kutoa ushahidi dhidi yake mahakamani.

Yule bwana aliondoka ameinamisha kichwa. Sijui kama alishawishika. Mzee naye hakujidanganya. Alisema hofu haiwezi kutolewa kwa siku moja, lakini mtu akilazimika kujibu maswali kwanza, hasira hupata muda wa kupoa, na wakati huo huo bibi anaendelea kuishi.

Nadhani hiyo ndiyo kazi ya sheria katika jambo hili, hapa Ufipa kama kule Hertfordshire. Haimwondolei mtu imani yake. Inamdai ushahidi, na inasimama kati yake na jirani yake mpaka autoe. Waingereza walihitaji kuwanyonga watu kwa karibu miaka 150 kabla ya kulikubali hilo, na hata baada ya kulikubali kwenye karatasi, Ruth Osborne alikufa bwawani. Nasi tusidhani kwamba karatasi zetu zinatosha. Kila mtaa na kila kijiji kinahitaji mtu wa kuuliza yale maswali ya mzee, na wewe msomaji unayekaa Dar es Salaam, ambaye kila Krismasi hurudi kijijini na kusikia kwamba bibi fulani "si mtu mzuri", unaweza kuwa mtu huyo.

Kabla sijaondoka nilimwuliza mzee kama bado anavuta ugoro. Akaingiza mkono katika mfuko wa koti akatoa kopo dogo la bati. "Pembe sikupata tena kuiweka," alisema, akanikaribisha. Nilipiga chafya tatu, naye akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Basi la kurudi Mbeya liliondoka alfajiri, baridi ikiwa imefunga vioo. Utingo alikuwa mwingine, naye akaniuliza kama nimetoka salama. Nikamwambia nimetoka salama, na kwamba nimegombana na bibi kizee mmoja sokoni juu ya bei ya maharage, na kwamba ndiye aliyeshinda.